Siku Uwanja Ulipolala

Wiki ile nusu ya Awindiri, mtaa wetu hapa Arua, ilikuja kumjulia hali mama yangu, na mimi nilijua vizuri kilichowaleta. Walikuja waendesha bodaboda ambao hawakuwahi kumsalimia hata siku moja. Walikuja wachezaji wawili wawili, nyuso zimepakwa mafuta, mmoja kashika machungwa, mwingine supu ya kuku kwenye kopo la rangi lililosuguliwa mpaka likang'aa. Walikaa mkekani, wakauliza kama amelala vizuri, kama amekula, kama kifua kimetulia. Wakifika mlangoni wakitoka, wananivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Meneja, mama atafika Jumamosi?"

Niliwajibu vibaya. Mimi ni mwanamke wa hasira za karibu, hilo silifichi, na wiki ile nilikuwa silali. Mmoja nilimwambia akamuulize Mungu, si mimi. Mwingine nilimrudishia machungwa yake, akayaacha kizingitini na kukimbia.

Jumamosi tulikuwa na mechi ya kupanda ligi ya kanda. Timu ilikuwa yetu sote, lakini uwanja ulikuwa nyuma ya nyumba ya mama, na hapo ndipo shida ilipolala.

Timu yetu ilianza kama mchezo wa Jumapili jioni baada ya kanisa, bodaboda dhidi ya wachukuzi wa sokoni, viatu vya plastiki na ugomvi mwingi. Mimi nauza spea za pikipiki mjini, na wachezaji karibu wote walikuwa wateja wangu, basi wakawa wananiachia funguo, simu na mashati kabla ya kuingia kucheza. Hivyo ndivyo nilivyopata umeneja. Hakuna aliyenichagua. Baadaye wafanyabiashara wa Sudani Kusini walihamia kwa wingi mjini na vijana wao wakajua njia ya uwanjani, na tukapata mshambuliaji mrefu ambaye mabeki wa Arua walimlaani mpaka wakachoka. Pamoja nao akaja kocha, mkimbizi, mtu mpole aliyewahi kufundisha timu za shule kwao. Alitukuta tukikimbilia mpira sote kwa pamoja, akacheka, kisha akatupanga. Alfajiri akawakimbiza vijana mpaka kilima cha Arua Hill na kurudi. Tukapata jezi, tukaingia ligi ya wilaya, wachezaji wakaanza kupewa posho kidogo ya nauli na sabuni, na wawili watatu wakaacha pikipiki kabisa wakawa watu wa mpira.

Uwanja wenyewe ulikuwa malisho ya mbuzi wa marehemu baba. Katikati palikuwa na kichuguu kikubwa, na vijana walikichimba kwa majembe msimu mzima wa kiangazi. Tukazungushia uzio wa matete, kwa sababu ligi haikubali watazamaji wasimame juu ya mstari. Mama hakuupenda mpira hata kidogo. Ulimvunjia mitungi, ukamwagia vumbi muhogo wake uliokuwa ukikauka, na kila jioni filimbi ya kocha ilimkatiza katikati ya usingizi wake mfupi. Lakini shamba lilikuwa la ukoo, na msemaji wa ukoo baada ya baba kufa alikuwa baba mdogo.

Baba mdogo alitupa uwanja bila kodi. Aliwakusanya viongozi wote wa timu, akasimama pale kichuguu kilipokuwa, akasema kwa kile Kiswahili chetu cha kambi za jeshi: "Uwanja iko yenu. Mimi hapana taka kitu. Neno moja tu. Mutu ya ukoo akikufa, uwanja nalala mpaka tuzike."

Tulipiga makofi. Nani angekataa? Huku kwetu maiti ikiwa nyumbani, jembe halishikwi shambani, sembuse mpira kuchezwa mbele ya mlango. Mzee mmoja wa ukoo aliwahi kufa katikati ya juma, tukaahirisha mechi ya kirafiki, na wachezaji wenyewe wakaenda kuchimba kaburi. Hakuna aliyenung'unika. Ila tulipoingia kwenye mechi hizi kubwa tulikuta sheria zake hazimjui baba mdogo. Uwanja uliotajwa ndio huo huo, haubadilishwi wiki ya mechi. Mwenyeji asipotoa uwanja, mechi ni ya mgeni. Siku tuliyosomewa maneno hayo mama alikuwa mzima, anapepeta simsim uani, na sikuwaza lolote.

Na mgeni wetu alikuwa nani? Koboko. Mama yangu alizaliwa Ludara, huko huko Koboko. Baba alikuwa Mlugbara, askari, alimpata mama Mkakwa wakati kikosi chao kilipokuwa upande ule, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kujifunza lugha ya mwenzake, sisi watoto tulilelewa kwa Kiswahili cha jeshini. Mdogo wake mama, mjomba wangu, analima muhogo Ludara mpaka leo. Na mjomba huyo, katika vitu vyote vya dunia, anapenda viwili: dada yake na timu ya Koboko.

Mechi ya kwanza kati ya mbili tuliwafuata kwao, tukatoka sare bila bao. Mjomba alinifuata kwenye lori letu na jezi yao imembana tumboni.

"Meneja," akasema, maana tangu nipate cheo hicho hakuniita jina tena, "nyinyi iko na bahati leo. Jumamosi nakuja kula kuku ya dada, halafu naona wewe nalia."

Nikamwambia dada yake haamki tena kitandani. Uso ukambadilika hapo hapo. Aliniuliza maswali mengi, akaniagiza nimpigie simu hali ikibadilika, usiku au mchana. "Mimi niwe mutu ya kwanza kusikia," alisema. Hakuhitaji kunieleza zaidi. Mke akifa, wenye msiba ni watu wake wa kuzaliwa. Habari ikiwafikia imepoa, huja na hasira, hukaa uani wamenuna, na maiti haizikwi mpaka waombwe radhi na moyo wao utulie. Nimeona mazishi yakikwama hivyo, wakwe wamepiga magoti kwenye matope.

Moyo wa mama ndio uliokuwa ukichoka. Daktari alituambia waziwazi kwamba dawa zimefika mwisho wake, na mama mwenyewe alikataa kubaki hospitalini. Alitaka kitanda chake. Tukamlaza chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama goli, kwa sababu ndicho chenye upepo. Akili yake ilikuwa safi na ulimi wake ulikuwa mkali vilevile.

Kipa wetu alipokuja Jumatano na papai, mama alimuuliza kabla hajakaa.

"Wewe nakuja kuona mimi ama nakuja kuona uwanja?"

"Nakuja kuona wewe, mama."

"Basi kuja tena Jumatatu."

Mimi nilicheka, kisha nikatoka nje nikalia kidogo nyuma ya jiko, maana alikuwa amesema kweli tupu. Jioni ile mama aliniambia na mimi, bila hasira, "Mimi hapana kufa kwa sababu ya mpira yenu. Na hapana ishi kwa sababu yake. Ambia hao watu."

Sikuwaambia. Ningewaambiaje? Mimi mwenyewe nilikuwa mbaya kuliko wao. Wao waliuliza wakaenda zao, mimi niliketi hapo usiku kucha nikihesabu pumzi zake, na sikuweza kutofautisha pumzi niliyoiomba kama mtoto na ile niliyoiomba kama meneja. Hilo lilinitia hofu kuliko kifo chenyewe.

Alhamisi viongozi walikutana dukani kwangu, tukafunga mlango nusu. Waliongea kuhusu maji ya wachezaji, kuhusu polisi wa kulinda lango, wakazunguka na kuzunguka. Mwishowe kocha, ambaye huwa hasemi ila ameulizwa, akakohoa.

"Meneja," akasema taratibu, "hospitali hapana nzuri zaidi kwa mama? Hata siku mbili. Pale iko daktari, iko oksijeni."

Wengine wakatazama chini. Hapo nikaelewa kwamba walikwisha kulizungumza bila mimi na wakamtuma yeye kwa kuwa ana sauti ya upole. Mama akifia hospitalini, maiti inabaki kule mpaka ipelekewe gari. Gari linaweza kuchelewa. Uwanja usingelala mpaka afikishwe nyumbani.

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi na nikakitupa. Kiligonga rafu ya plagi, chai ikamwagikia masanduku. Niliwaambia mama yangu si mbuzi wa kuhamishwa ili watoto wacheze. Nilisema maneno mengine pia, mabaya, kuhusu watu wanaopewa uwanja bure. Kocha aliinama akaokota vipande vya kikombe kimoja kimoja, akavifunga kwenye gazeti, akatoka. Wengine wakamfuata, na hakuna aliyelitaja tena jambo hilo. Lakini usiku ule, nakiri, nililifikiria. Nililigeuza huku na huku kichwani mpaka kulipokucha, na kulipokucha jibu lilikuwa lile lile.

Ijumaa mama alikula vijiko vitatu vya uji, na habari ya vijiko hivyo ilifika stendi ya bodaboda kabla sijaosha bakuli.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ndiye aliyekuwa akinisaidia kumuuguza. Ni mwanamke wa maneno machache, na mikono yake haitetemeki. Jioni, tukikunja mashuka, akaniuliza, "Ikitokea?"

"Isitokee," nikasema.

"Ikitokea, mimi hapana lia mbele yako. Wewe ndiyo mtoto yake."

Alikuwa anataja desturi. Kwetu kifo kinajulikana kwa kilio. Kabla ya kilio, mtu bado ni mgonjwa aliyelala. Na sauti ya kwanza ni ya binti wa marehemu kama yuko karibu. Wanawake wengine humsubiri, kisha hupokea, na kilio hutoka nyumba hadi nyumba mpaka kijiji kizima kimesimama. Baba mdogo asingehitaji kuambiwa na mtu. Angesikia tu.

Jumamosi watu wa Koboko waliingia na malori mawili, ngoma na vuvuzela. Mjomba hakupitia langoni. Alikuja moja kwa moja nyumbani, na gunia la unga wa muhogo begani, na jezi yake ile inayombana. Alikaa na mama muda mrefu, amemshika kidole gumba. Waliongea Kikakwa, sikuelewa yote. Mwishoni mama akamsukuma mkono na kumwambia kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie, "Nenda tazama mpira yako. Wewe nakalia hewa yangu."

Alicheka akitoka. Macho yalikuwa mekundu.

Mimi nilikuwa nikienda na kurudi kati ya chumba na benchi. Kuna mwanya kwenye uzio wa matete nyuma ya goli, na njia nyembamba ya kufika uani. Baba mdogo alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mbao karibu na kona, fimbo katikati ya magoti, hatazami mpira sana. Alikuwa akitazama nyumba.

Ilikuwa mechi ya mateke. Koboko walicheza kwa miguu ya juu, na beki wao mmoja mnene alimwangusha mshambuliaji wetu mpaka refa akachoka kumwonya. Mapumziko hakuna bao. Nilikimbia nyumbani, nikamkuta mama amefumba macho, kifua kinapanda na kushuka kwa shida. Nilimwita. Alifungua macho akanitazama, akayafumba. Wifi akaniashiria kwa kidevu niende. Nikaenda. Mpaka leo sijui kama alimaanisha niende au alikuwa anafukuza nzi.

Kipindi cha pili mshambuliaji wetu alifunga. Mpira ulitoka kona, ukamgonga begani, ukaingia. Halikuwa bao la kupendeza lakini lilikuwa bao. Uzio wa upande mmoja ulianguka kwa jinsi watu walivyourukia. Kocha aliketi chini kwenye nyasi na kujifunika uso. Na mimi nilipiga kelele mpaka koo likauma, nikageuka nimtafute mtu wa kumkumbatia, na nikamwona wifi.

Alikuwa amesimama kwenye mwanya wa matete. Kitenge chake, ambacho asubuhi alikuwa amekivaa kawaida, sasa kilikuwa kimefungwa kiunoni kwa fundo kubwa, vile wanawake wanavyofunga wakienda msibani. Mikono aliifumbata mdomoni.

Nikamwendea.

"Sasa hivi," akasema. "Mimi hapana lia. Nafunga mlango. Hakuna mutu najua."

Nyuma yangu watu walikuwa bado wanashangilia. Nilitazama saa ya simu, na namshukuru Mungu siikumbuki ilisema nini, ila najua mechi ilikuwa imebaki robo saa na kidogo. Robo saa. Mama asingehisi kitu. Mlango ulikuwa umefungwa. Wifi angekaa kimya hata mwezi kama ningemwambia. Miaka yote ya vijana wale, kichuguu, alfajiri za Arua Hill, vilikuwa vinangojea robo saa tu, na mwenye kuwapa au kuwanyima alikuwa mimi peke yangu.

Jambo moja halikuwa na ubishi: mjomba. Nilizunguka uwanja kwenda upande wa Koboko. Watu wetu waliniona nikipita, wakaanza kuulizana meneja anafuata nini huko. Kocha alinyanyua kichwa. Nadhani alijua pale pale, kwa sababu alinitazama kwa muda kisha akageuka upesi kuangalia mchezo, na akaendelea kuangalia kwa shingo ngumu. Nilimchukia kwa hilo, na nilimshukuru pia, vyote kwa wakati mmoja.

Mjomba alikuwa kati ya watu wake, jasho linamtoka. "Aa, meneja nakuja kucheka sisi," aliwaambia wenzake. Nikamshika mkono, nikamvuta hatua chache, nikamwambia sikioni. Maneno mawili tu.

Hakupiga kelele. Alibaki ameushika mkono wangu, akanitazama mdomo kana kwamba maneno yalikuwa bado yako pale na angeweza kuyarudisha. Wenzake wakauliza kuna nini. Walikuwa nyuma kwa bao moja, na kilio kimoja cha mjomba kingewapandisha ligi papo hapo, bila hata kugusa mpira. Yeye alilijua hilo kama nilivyolijua mimi.

"Dada naita mimi kula," akawaambia. "Nakwenda."

Tuliondoka pamoja kupitia nje ya uzio ili baba mdogo asituone nyuso. Uani mjomba alisimama mbele ya mlango, akavua kofia.

"Nani najua?"

"Wewe, mimi, wifi."

Alitikisa kichwa taratibu. "Mimi iko nje hapa," akasema. "Wewe iko mtoto yake. Ukilia, mimi nalia. Hapana lia, mimi nangoja. Hii mimi hapana chagulia wewe."

Ningependa angenichagulia. Ningependa angenipiga kofi, anitukane, aniambie mpira ni upuuzi. Alikaa tu juu ya kinu kilichopinduliwa, kofia magotini, jezi ya Koboko imelowa mgongoni.

Nikaingia. Wifi alikuwa amemnyoosha mama, amemfunga kidevu kwa kitambaa. Nikakaa ukingoni mwa kitanda na kuushika mguu wake kupitia shuka. Ulikuwa bado una joto. Dirisha lilikuwa wazi na sauti zote ziliingia: teke la mpira, refa, mtu wetu mmoja akiwahimiza mabeki warudi nyuma. Kisha kelele kutoka upande wa Koboko, zikapanda, zikakatika. Walikuwa wamekosa. Nikashusha pumzi.

Hapo ndipo niligundua ninachofanya. Nilikuwa nimekaa na maiti ya mama yangu, nimeshika mguu wake, na masikio yangu yote yalikuwa nje kwenye mpira. Nilikuwa bado sijamtazama usoni. Nikamtazama. Alikuwa amekunja uso kidogo, vile alivyoukunja kila filimbi ilipomwamsha, na hakuna mtu duniani aliyekuwa amemlilia.

Kilio kilinitoka bila mimi kukiruhusu. Sikuwahi kusikia sauti ile ikitoka kwangu. Wifi akapokea, halafu mjomba nje, kwa sauti nene ya Kikakwa, akimwita dada yake jina la utotoni. Halafu jirani. Halafu nyumba ya pili.

Ninayosimulia sasa niliambiwa. Walisema mpira ulikuwa kwa kipa wetu, amekwisha kuuweka chini ili aupige mbele. Aliposikia hakuupiga. Aliusimamisha kwa mguu na kuvua glavu. Baba mdogo aliinuka kwenye kiti chake, akaingia uwanjani bila kuharakisha, akaenda mpaka katikati na kusimama pale na fimbo yake. Refa alimwendea, akaongea naye, akaangalia saa, akaongea tena. Refa hakuwa mtu mbaya. Alingoja, akaomba, akamuuliza kocha kama kuna njia yoyote, akajua jibu kabla ya kulipata. Kisha akapiga filimbi na kuandika alichopaswa kuandika. Mechi ikawa ya Koboko.

Walitaka kushangilia, wachache wao, vijana. Lakini mmoja wa watu wazima wao alikuwa amekwisha kuuliza nani aliyekufa, na akaambiwa ni binti wa Ludara.

Basi hawakupanda malori. Walikuja nyumbani kwetu wote, na ngoma zao zimefungwa, wakakaa uani upande wa mashariki kama watu wa mke wanavyokaa, wakingoja kupokewa. Na desturi haijui nani kapanda ligi. Wakwe wakifika msibani, watu wa nyumba huwapokea kwa maji, na watu wa nyumba wenye nguvu, waliokuwa karibu, walikuwa timu yangu.

Niliwaona kutoka mlangoni, nimekaa chini, wanawake wamenizunguka. Vijana wangu walikuwa hawajavua hata viatu vya njumu. Walikuwa wakitoka kisimani na madumu, wanamwaga maji kwenye mabeseni, wanapiga magoti. Kocha alikuwa anabeba viti. Kipa wetu alikuwa anapeleka vikombe. Na mshambuliaji wetu, yule mrefu, soksi imechanika, damu imemkaukia kwenye goti, alikuwa amepiga magoti mbele ya yule beki mnene aliyemwangusha siku nzima, anamshikia beseni anawe mikono. Beki hakujua aangalie wapi. Mshambuliaji alikuwa ameinamisha kichwa tu, anamimina maji kidogo kidogo ili yasimwagike chini.

Nililia tena. Kilio hiki cha pili kilikuwa cha mpira, najua kabisa, kilikuwa cha lile bao la begani na robo saa ile. Wanawake walinishika mabega, wakaniambia nijikaze, mama amepumzika.